Niliona kosa kwenye grafu ya Kabula, nikanyamaza kwa wivu

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa Kambarage, Shinyanga, na sijaongeza chumvi hata kidogo. Hili hata mke wangu halijui.

Nafundisha fizikia sekondari. Mimi na mwalimu mwenzangu Kabula tuliomba pamoja masters ya chuo cha nje, ya kusoma mtandaoni. Yeye akapata. Mimi nikaletewa "we regret".

Na kompyuta nilimfundisha mimi!

Mada ya utafiti wake kwa ufupi: ukigonganisha protoni kwa nguvu kubwa, chembe mbili huzaliwa pamoja, zikaruka zimepeana mgongo. Kwenye grafu unaona kilele. Ila protoni ikigonga kiini cha dhahabu, dhahabu hii hii inayochimbwa kwao Kabula, Rwamgasa, inakuta gluoni, zile chembe za gundi, zimesongamana mno. Zile chembe mbili zinasukumwa huku na huko, kilele kinafifia.

Staff room wakaanza kumwita "Profesa". Kila nikisikia, roho inaniuma.

Siku moja kabla ya presentation ya utafiti huo mbele ya maprofesa wake, akaniletea laptop.

"Kaka, nikagulie. Macho yangu yamechoka."

Nikaona palepale. Lebo zilikuwa zimepishana: kilele kirefu kimeandikwa dhahabu, kilichofifia kimeandikwa protoni.

Nikamwambia, "Iko safi."

Kesho yake baba yake, mzee mchimbaji, akaja kutoka Rwamgasa kumwona binti yake akiongea na maprofesa kwenye skrini. Tukakaa naye nyuma.

Grafu ikatokea. Msimamizi wake wa chuo akauliza, mbona dhahabu haijafifisha kitu?

Kabula akakwama.

Wakuu, nilifurahi. Nakiri.

Kisha akainama kwenye skrini. "Samahani, lebo zimepishana." Akaeleza upya bila kutetemeka. Wakampitisha.

Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja, asante sana mwalimu. Ameniambia wewe ndiye uliyemkagulia."

Nikashindwa kumtazama.

Jioni nikamfuata Kabula, nikamwambia ukweli wote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Niliona, kaka. Macho yako yalisimama kwenye lebo. Nikadhani unahakikisha."

Siku hizi ananisalimia vizuri tu, ila kazi zake anampa mwalimu wa hesabu azikague.

Wivu haukunipa masters. Umeninyima mtu aliyekuwa ananiamini bila kuniuliza mara mbili.

Kama yupo humu aliyemkosea mwenzake hivi na wakarudi kuwa sawa, aniambie alianzia wapi. Hata wa kunisema aseme, nimestahili.