Jina Yenye Shemeki Alikatala Kutaja

Mwanangu, kuiko siku moja ya posho, ile shiye tunaita samedi, yenye inanirudiliaka kila mara nikisikia vijana banacheka mu barabara. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Masomo yangu iliishia ku darasa ya sita ya primaire, lakini kinywa yangu ilikuwa na doctorat. Mu Kamalondo, mutaa yetu, yote, hakukuwa muntu mwenye alipita mbele yangu bila kupewa jina ya kicheko. Mwenye kutembea mbio, mwenye kutembea polepole, hata padri juu ya kofia yake. Bantu baliniitaka Redio. Nilifurahi nayo. Sikuwaza kama redio inasema siku nzima na haisikilize muntu.

Ile wakati Chama ilikuwa moja, na bote tulikuwa citoyens na citoyennes, ni kusema banainchi. Mu lupango yetu, kiwanja yenye nyumba yetu, mama alipangisha chumba kwa binti wa université, Citoyenne Mwadi. Alikuwa amemaliza licence, ile diplôme ya kwanza, ku Kasapa kwenye université iko, sasa anatafuta doctorat ya linguistique. Usinicheke, miye pia nilimuuliza hiyo ni ugonjwa gani. Akaniambia, "Redio, ni kusoma namna bantu banasema." Nikamujibu, "Basi nipe miye hiyo diplôme leo, weye ukalale."

Kazi yake ilikuwa hivi: anazunguka mu nyumba za bantu na masini ya kuchukua sauti, anatafuta namna muntu anasema juu ya bako yake, bazazi na ndugu ya bibi yake. Kwetu mwanaume hataje jina ya muko wake, mama ya bibi yake. Hakule mbele yake, hamupe mukono, akimukuta mu njia anatoka pembeni. Jina ile anaichunga mpaka kufa. Na ikimutoka, hata kwa bahati mbaya, buko, ule undugu wa ndoa, imevunjika: hakuna kukanyaga tena ku lupango ya mwenzake, mpaka bazee bakae bayitengeneze.

Sasa, dada yangu Feza aliolewa na Shemeki Banza, fundi ku usine, kiwanda ya shaba, mwanaume mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Muko wake, njo mama yangu miye. Siku moja nikabeba masini ya Mwadi, tukaenda kwake ku kambi ya bafanyakazi.

"Shemeki Banza," Mwadi akauliza, "mama ya Feza unamuita namna gani?"

"Mama wa kule."

"Na jina yake yenyewe?"

Akakohoa, akaangalia viatu yake. Mwadi akaandika kitu mu kaye yake ya kuandikia, akaifunga.

Mu njia nikamuuliza, "Umeandika nini, na muntu hajasema kitu?"

"Nimeandika kama amenyamaza."

"Yee! Kasapa yote ile, na maprofesa yake, na basi yake, juu ya kuandika kikohozi?"

Akacheka sana. Kisha akasema, "Redio, banatufungulia milango juu banajua kama chenye banachunga, sitabanyanganya." Hii maneno yote niliisikia na masikio, haikuingia. Miye nilishika kitu kimoja tu: Mwadi amekosa jina, na miye naweza kumupatia.

Basi ile siku ya posho Mwadi alipanda Kasapa kumuona profesa wake, akaniachia masini na kaseti ndani. Rafiki yangu Kalala alikuwa na mujomba mupishi ku villa moja ya Golf, kule kwa batajiri. Tukaazima koti yake nyeupe, sawa ya munganga. Shemeki alikuwa hamujue Kalala. Feza alikuwa ameenda kupanga mustari wa posho. Miye nikachuchumaa chini ya dirisha ya Shemeki, nikabonyeza masini.

"Citoyen Banza ni weye?" Kalala akaanza na sauti ya bureau. "Natoka ku hospitali. Kuiko mama moja muuzaji wa matembele, gari imemugonga ku soko. Alitaja jina yako, kisha akanyamaza. Ni nani yako?"

"Ni... ni muko wangu."

"Jina yake? Munganga hawezi kumupokea bila jina."

Miye nikauma mukono ya shati juu nisicheke.

"Kuiko mutoto wake Kamalondo," Shemeki akasema, "banamuita Redio. Mumutafute mbio, yeye ataitaja."

"Muzee, damu inatoka. Jina!"

Nikasikia kiti inaanguka. Kisha nikasikia jina nzima ya mama, na jina ya baba yake nyuma, sauti ikitetemeka sawa ya mutoto.

Nikasimama ku dirisha na masini mu mukono. "Redio imeshika! Shemeki, umesema!" Kalala alikuwa amekunjamana na kicheko. Shemeki akaniangalia miye, akaangalia masini, akaangalia ile koti na madoadoa ya mafuta. Kiganja yake ilikuwa ingali ku kinywa. Aliniuliza neno moja tu.

"Mama iko muzima?"

"Iko ku soko, anauzisha matembele."

"Mungu asifiwe," akasema. Akaikala chini, akageuza uso ku kibambazi, ku ukuta ya nyumba.

Mwanangu, hapo muntu mwenye akili angeishia. Miye nilirudi Kamalondo, nikaita vijana sita, nikabapigia ile kaseti mu lupango. Mara ya tatu, bote bakiwa chini na kicheko, mama akaingia na beseni yake ku kichwa. Akasikia jina yake inatoka mu masini, mu sauti ya mukwe wake. Alitula beseni polepole. Hakunipiga. Angenipiga ningepona. Aliingia mu nyumba, akafunga pazia.

Mwadi akarudi magaribi. Nilimukimbilia nikiwaza atanisifu. Alisikiliza mara moja, akatoa kaseti, akaenda kupiga magoti ku mulango ya mama. "Mama, masini ni yangu, na kosa ni yangu. Fanya yenye unapenda."

Nikasema, "Citoyenne, mu kaseti muko bantu bengine! Kazi ya miezi miwili!"

"Najua," akanijibu, hata hakugeuka.

Mama akaiweka kaseti ku mbabula, mu moto ya makala. Harufu yake ningali nayo mu pua. Ku kambi milango yote ikafungwa mbele ya Mwadi, ikamubidi kuanza upya kule muji wa Likasi, na mwaka yake ikapotea.

Na hiyo haikuwa yote. Dada Feza alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Mama ndiye alipashwa kumupokea mutoto na kumuosha, lakini sasa hakuweza kukanyaga kule. Ilipashwa mujomba mukubwa wa Shemeki atoke mbali, Kabalo, juu ya kutengeneza buko, na treni ya ile wakati ilifikaka siku yenye inapenda. Mutoto hakungojea. Mwenye aliosha mutoto ni jirani moja, asiye ndugu. Mama aliikala ku kizingiti na kitambaa yenye alinunua ya kubebea mujukuu, anaikunja, anaikunjua.

Kisha mujomba akafika. Shemeki alipiga magoti inje ya lupango yetu, na kuku chini ya kwapa na kitambaa mupya juu ya mabega, ya kulipa kosa. Muzee ule hakujua namna ilipita. Akamugeukia mbele ya bantu bote. "Mwanaume muzima, fundi wa moto, na kinywa sawa ya mulevi! Nani alikufungua hiyo kinywa?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, mita mbili. Nikaona miguu ya mama chini ya pazia, haitikisike. Alikuwa ananingojea niseme.

Shemeki akasema, "Kinywa yangu mwenyewe, muzee."

Na miye, Redio, mwenye maneno kwa kila muntu, nikanyamaza. Muzee akaendelea kumutukana, na miye nikaangalia viatu yangu. Nikakohoa hata.

Buko ikatengenezwa, mama akaenda kuona mujukuu wake. Miye nilimulomba Shemeki masamaha kisha, pembeni, pasipo muntu. Akanipa, lakini ilikuwa masamaha ya pembeni, sawa na maungamo yangu.

Miaka ikapita, Mwadi akarudi kutusalimia na kitabu yake ya doctorat, nzito sawa tofali. Nikamuuliza, nikijaribu kucheka, "Na miye niko mule?"

"Uko. Niliandika kama kijana moja alidanganya shemeki wake, na namna mulango ilifungwa."

"Na jina yangu?"

"Hapana. Jina yako nimeichunga."

Nikamubebea kitabu yake mpaka ku mulango.

Mwanangu, weye unayepanda Kasapa na simu yenye inashika kila kitu, sikia. Muntu akinyamaza mbele yako, usiwaze kama hana neno. Uliza kwanza anamuchunga nani, na umuache amuchunge. Kicheko yenye inalomba muntu mwingine aogope, hiyo usiicheke. Na ukikosa, sema pale pale penye mwingine anatukanwa juu yako, usingoje pembeni. Kunyamaza kwa Shemeki kulichunga mama yangu. Kunyamaza kwangu kulichunga ngozi yangu tu, na nazeeka nayo.

Enda, Mungu akufungulie milango ya bantu, na siku utatoka mule, bakuambie urudi tena. Kinywa yako ikuletee batoto bako mezani, isikufungie hata mulango moja. Na siku muntu atasimulia makosa yako, akutane na roho sawa ya Mwadi, achunge jina yako.