Mulima Haipendi Kicheko

Wakati nilikuwa mutoto, meno ya mbele yameng'oka na mapya bado, watu walikuwa wananisikia mbele ya kuniona. Kicheko changu ndiyo ilikuwa inatangulia. Nikicheka huku chini karibu na ziwa, mwanamuke anayefua nguo kule kwenye muto anageuza kichwa, anasema, Faida yuko njiani. Na kwetu ile haikuwa sifa. Mutoto mwanamuke anacheka na meno yote inje? Walisema nitakosa bwana. Nikapata wawili, mais hiyo ni hadithi ingine.

Yote ilinirudia juzi hapa Durban, pale sokoni Warwick, ninaposukia watu nywele chini ya mwavuli, karibu na wale wamama wanauza madawa ya mizizi. Alikuja kiliya wangu wa kusukwa kila mwezi, Sister Nomusa. Ni muguu wa kuzunguka, huyo, nesi ambaye hatulii. Mie najua nesi akipewa likizo analala. Yeye alienda kupanda milima, huko juu ya India, inaitwa Himalaya. Kulipa ndege ili ukateswe na mulima! Nilicheka mpaka kichanuo ikaanguka.

Halafu akanionyesha simu. Nikaona wanamama mashavu imepasuka na baridi, wamebeba mizigo mugongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso. Vilevile kama mama yangu. Akasogeza picha. Nikaona mahali njia inavuka juu kabisa, vitambaa vimefungwa vingi, vya rangi zote, upepo unavipiga. Akasema yule mutu aliyewaongoza aliwakataza kupiga kelele pale, ju mulima iko na mwenyewe.

Mikono yangu ikasimama ndani ya nywele zake. Nikamuambia, Sister, hii ni kwetu. Akasema hapana, hii ni Asia. Nikamuambia ashike kioo atulie, Asia yake niiweke pembeni kidogo, nimueleze.

Kwetu ni chini kwenye ziwa, mais dada mudogo wa mama yangu aliolewa kule juu, ng'ambo ya mulima, kwenye ng'ombe na baridi ya kuuma masikio. Akazaa. Mutoto wa kwanza. Na kwetu mutoto wa kwanza, nywele alizotoka nazo tumboni zinanyolewa na mama wa mama yake. Si mutu mwingine. Nyanya asipofika, mutoto anabaki na zile nywele, na watu wa bwana wanaanza kusema kwamba mwanamuke wao hana kwao. Donc nyanya yangu ilikuwa lazima apande, hata kama jicho moja lilikuwa jeupe kabisa na la pili lilikuwa linaelekea huko.

Ndiyo maana nilichukuliwa. Nyanya alisema, Faida atakuwa macho yangu. Kazi yangu ilikuwa kutembea mbele yake na kusema. Jiwe. Muzizi. Maji. Inua muguu. Mie nilisema kuliko alivyoomba. Nilimuambia hata vipepeo, hata nani mbele yetu amejaa matope matakoni. Tulicheka njia muzima, na yeye akicheka alikuwa anashika kiuno.

Tulipanda na wamama wengine wenye mizigo, na kiongozi wa safari alikuwa mujomba wangu, Kashindi. Huyu mujomba alikuwa mutu wa kuogopa vitu. Aliogopa bundi, aliogopa mama mukwe wake, aliogopa kukanyaga kivuli cha mutu. Mais mbele ya watoto alikuwa simba.

Tulifika kwenye nyumba za Batwa, wenyeji wa pori, pale pori inaanza. Ndani ya ile pori bila Mutwa huendi popote. Papa Kalume, mutafuta asali, ndiye angetupitisha. Mwanamuke wake alitukaribisha na maji yenye asali ndani ya kibuyu. Mujomba akakataa, ju watu wetu walisema kinywa cha Mutwa na kinywa chetu havikutani kwenye kibuyu kimoja. Wamama nao wakajifanya hawana kiu. Mie nilikunywa, nikalamba na kidole. Mujomba alinitazama kama vile nimemeza sumu. Mpaka leo sijaonja asali ya vile. Ile ya supermarket ya hapa ni sukari inajidanganya.

Asubuhi, mbele ya kuingia kwenye mianzi, Papa Kalume alitukalisha akatuambia sheria. Ile mulima iko na mama. Zamani mutoto wake alipotelea pale juu, na yeye hakuacha kumutafuta. Akisikia mutoto anacheka, anafikiri ni wake. Anashuka na kikwembe yake nyeupe, kitenge ya kubebea mutoto, amubebe. Ile kikwembe ndiyo ukungu. Kwa hiyo kwenye mianzi watu wanapita kimya, na kila mutu anapasua kipande cha nguo yake anafunga kwenye muanzi, ili yule mama akipapasa ajue hawa ni watu wa kwingine, mutoto wake hayuko hapa.

Akamaliza. Watu wote wakanitazama mie.

Mie nikacheka. Ulitaka nifanye nini?

Mujomba akashika kikwembe changu, akapasua kipande, na kile kipande changu cha kufunga kwenye muanzi akanifunga nacho kinywa. Akakaza nyuma ya kichwa mpaka masikio ikaninyooka. Papa Kalume alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Alisema, "Mutoto hafungwi. Mutoto anaambiwa."

Mujomba akamujibu kwamba mutu wa pori hatamufundisha kulea.

Nyanya alipapasa mpaka akashika uso wangu, akashika kile kitambaa. "Kashindi, huyu ni macho yangu."

"Ni kwenye mianzi tu, mama. Tukitoka namufungua."

Akanivuta mbele, nitembee chini ya mukono wake, anichunge. Nyanya akawekwa nyuma, ashike nguo ya mama mumoja aliyebeba chumvi.

Tukaingia. Mnajua mianzi? Ni kama kuingia ndani ya ufagio. Kijani huku, kijani huku, na kila jani linamwaga maji kwenye shingo. Nikaona vitambaa vya watu waliopita zamani, vingine vimeoza, vimebaki nyuzi. Na ukungu ikaja. Sikilizeni vizuri: ilikuja kinywa changu kimefungwa. Sikucheka hata kidogo. Nilikuwa napumua kwa pua kama mbuzi, na ikaja vilevile, nyeupe, kutoka chini, mpaka sikuona muguu wangu.

Tulipotokea kwenye nyasi za juu, inje ya mianzi, Papa Kalume aligeuka kutazama watu wake. Akasimama. Mama wa chumvi alikuwa pale. Nyuma yake hakukuwa na mutu.

Baadaye nyanya alitueleza. Alisimama kufunga kitambaa chake. Kwa mutu haoni, fundo inachukua muda. Aliachia ile nguo aliyoshika, akafunga vizuri, kwa heshima, aligeuka, na njia haiko. Hakuita, ju sheria ni kimya. Mama wa chumvi alisikia nguo yake imekuwa nyepesi, hakuuliza, ju sheria ni kimya. Na macho ya nyanya yalikuwa mbele, yamefungwa kinywa, chini ya mukono wa mujomba.

Pembeni ya ile njia kulikuwa na shimo. Ng'ombe walikuwa wanaanguka mule na hakuna aliyeshuka kuwachukua. Wote tulijua. Mujomba alirudi kidogo ndani ya nyeupe, akatoka, akaingia tena upande mwingine, akatoka. Halafu akaanza kumuita. Vraiment, nitakufa na ile kitu kichwani: alikuwa anamuita kwa kunong'ona. "Mama. Mama." Mutu amepoteza mama yake ndani ya ukungu na anamuita kama vile mutu asiyetaka kuamsha mutoto.

Nilivuta kile kitambaa kikashuka kwenye shingo. Nilitaka kulia. Kilio hakikutoka. Nilimutazama mujomba, jani limenata kwenye kipaji, pua inachuruzika, anapapasa hewa, ananong'ona, na kicheko ikanitoka. Yote. Ile ya kusikika kwenye muto.

Akanirukia, akaniziba kinywa na mukono. Nikauma. Niliuma mpaka nikaonja chumvi, na hata leo nikipewa ule mukono nitauma.

Papa Kalume alimushika bega mujomba, akamutoa. Akachuchumaa mbele yangu. "Cheka tena, mutoto. Usiache."

Sasa jaribuni nyie kucheka kwa kuambiwa, nyanya yenu yuko kwenye shimo. Ya pili ilitoka kama kikohozi. Ya tatu nilifikiria mama mukwe wa mujomba, yule mwenye kumufukuza na mwiko, ikatoka vizuri. Nyingine zote nilicheka huku machozi inashuka mpaka kwenye kidevu, na watu wamekaa chini wameziba masikio, wanangojea yule mwenye mulima aje anichukue.

Halafu tukasikia fimbo. Ko, kwenye muanzi. Kimya. Nikacheka. Ko. Ko. Karibu zaidi. Na nyanya akatoka ndani ya ile nyeupe, amelowa, kiatu kimoja haiko, mukono mbele unatafuta. Nilikimbia nikamupiga kichwa kwenye tumbo.

Mujomba ndiye alisema wa kwanza. Alisema mutoto ameita ukungu, kidogo atuue wote. Nyanya alinifungua fundo ya nyuma ya shingo kwa meno, ju vidole vilikuwa vimekufa baridi, akamupa Papa Kalume kile kitambaa aende akifunge kwenye muanzi, mahali pake. Halafu alimuomba kibuyu yake ya asali, ile aliyobeba njiani. Akanywa, mbele ya Kashindi na wamama wote, bila kupangusa kinywa cha kibuyu.

Jioni, kule juu kwa dada ya mama, nyanya amemuweka mutoto kwenye mapaja, ananyoa zile nywele za tumboni kwa vidole kuliko kwa macho, na mie nimeshika taa. Akaniambia polepole, mujomba asisikie, "Yule mama alisikia mutoto anacheka. Na mie nilisikia mutoto anacheka. Nilimutangulia tu."

Mujomba angali hai, yuko Uvira, kule kwetu. Tunapigiana simu, na kila mwaka ananiambia ukungu ile ilikuwa yangu. Namuuliza mukono wake unaendeleaje.

Sister Nomusa aliniuliza kama naamini. Nikamuambia naamini mama ile iko. Kwa nini nisiamini? Mutu aliyepoteza mutoto hakai kimya. Hata hapa, kwenye chuma ya mwavuli wangu, iko kitambaa nimefunga, kipande cha kikwembe, kila mutu anauliza ni dawa gani. Ni heshima tu. Ile ya kufunga kinywa ndiyo sikubali, na sijakubali tangu siku ile.

Na wamejaribu. Wakati watu walikuwa wanaandamana huku mjini kwamba wageni tutoke, kwenye kanisa letu walitushauri: kwenye taksi msiongee Kiswahili, musipokee simu, mukae kimya, hakuna atakayewajua. Nikajaribu. Nilipanda taksi ya kwenda Jacobs, hizi basi ndogo za watu wengi, pembeni ya mama mumoja, kila asubuhi, ametulia, nimetulia. Yeye anafikiri mie Muzulu, mie nafikiri yeye Muzulu. Siku moja dereva anatukana robot, ile taa ya barabarani, kwamba imekaa nyekundu kwa kumuchukia yeye binafsi. Kicheko ikanitoka, ile ya muto. Yule mama akageuka, macho imejaa maji, akasema kwa Kiswahili cha Bujumbura, "Dada, kumbe umekuwa hapa muda wote?" Bwana wake alikuwa hospitali na hakuwa amemuambia mutu hata mumoja. Tulishuka pamoja.

Sisemi watu wa kanisa ni wabaya. Waliogopa, na kitu ya kuogopa iko, hata shimo ilikuwepo. Mais mie niliona kimya inafanya nini kwa watu wanaotembea pamoja.

Jana nimechelewa, nakuja na kiti yangu kichwani, nacheka na simu. Yule mama wa mizizi, Muzulu, akanitikisia kichwa hata sijafika. Akasema, eish, wewe, nimekusikia tangu kwenye robot.

Nikamuambia, sharp, mama, sawa. Basi siku nikipotea utajua pa kunitafuta.