X Mlangoni

Nilikuwa napaka rangi nyekundu geti la madam ninayemfanyia kazi hapa Jeddah, harufu imenijaa puani, dereva wetu, mtu wa nchi yangu, aliponionyesha video kwenye simu. "Dada, waziri wetu ametua Riyadh." Nilimtambua waziri kwa sauti yake.

Zamani alikuwa injinia wa reli. Vijana wake walichora X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa kupisha reli. Mimi, mkubwa wa yatima wanne, nilikuwa nimeacha shule mapema, na X niliyoijua ni ya mwalimu: umekosa. Nikaifuta mlangoni petu kwa mafuta ya taa.

Tingatinga likaja, pamoja na injinia na askari.

"Nani amefuta?" injinia akauliza.

"Mimi, mzee. Hatujakosa kitu."

Alinizaba kofi hadi damu ikajaa mdomoni, kisha akanipa brashi. "Irudishe, mwalimu." Askari wakacheka.

"Wadogo zangu wamo ndani."

"Chora kwanza, ndipo watoke."

Nilichora huku nikitema damu. Wakatoka wote watatu wameshikana mikono, na ukuta ukaangukia sufuria za marehemu mama.

"Kwani unamjua?" dereva akauliza.

"Shika kopo," nikamwambia. "Rangi inadondoka."