Vichwa Vitatu vya Zinia Fupi

Sevastia alikuwa na tabia ya kuhesabu maua yake kabla hajanywa kahawa. Usimcheke. Mjane wa miaka sabini na mmoja, ana kuku wanane na ukuta mmoja wa nyumba unaopigwa jua tangu asubuhi. Ahesabu nini kingine? Chini ya ukuta huo ndiko zilikokaa zinia zake fupi, hazivuki shibiri mbili kutoka ardhini, nyekundu ya matofali na rangi ya chungwa, zimetulia kama wageni wa harusi walioambiwa wakae.

Hakuna nyumba kijijini pale, kando ya Mto Olt, isiyokuwa na zinia. Watu waliziita "wenye vilabu vya pombe", kwa jinsi zinavyosimama mlangoni zimevaa rangi za kuita wateja. Lakini za wengine zilikuwa ndefu, zafika kiunoni, na upepo wa Agosti ukija zinalala chini zote. Za Sevastia zilitoka kwa mama yake. Mama alishafariki, nyumba ikauzwa, hata masufuria yakagawanywa na ndugu wasiojua haya. Kilichobaki cha mama mikononi mwa Sevastia ni mbegu hizo tu.

Kwa miaka arobaini aling'oa kila mche uliothubutu kurefuka, tena kabla haujachanua, maana nyuki hawana adabu: wangeubebea mfupi chavua ya mrefu, na mwakani ufupi ungepotea. Alimwagilia asubuhi, shinani, maji yasiguse majani yakaja kupata ugonjwa wa unga mweupe. Maua yaliyochoka aliyakata ili mengine yatoke. Yaliyo bora kuliko yote aliyaacha yakauke palepale juu ya shina, akayafunga uzi mwekundu: haya ni ya mbegu, mkono usiguse.

Mwaka ule mvua ya mawe ilipiga mwezi wa Juni, akabakiwa na vichwa kumi na vinne vyenye uzi. Asubuhi moja mwanzoni mwa Septemba akahesabu kumi na viwili. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Kumi na viwili.

Kuku wangeyaparua yote. Panya hachukui ua pamoja na uzi wake. Sevastia akageuka polepole, akautazama uzio wa Leontina.

Leontina alikuwa jirani na mjane mwenziwe, mdogo kwake kwa miaka kumi, mwenye maneno matamu. Ule utamu ndio uliomtia Sevastia shaka. Wiki iliyopita tu aliegemea uzio akasema, "Dada Sevastia, zako hazifiki hata gotini. Zangu zote zimelala juu ya kaburi la Nistor, jina la mume wangu halisomeki tena." Siku ile Sevastia alimwonea huruma. Sasa aliyatafuna maneno yale upya, akaona yalikuwa na jambo ndani yake.

Akamwaga majivu ya jiko chini ya ukuta, akayasawazisha kwa ufagio, akakaa nyuma ya pazia. Siku nzima hakumwamini mtu. Hata mleta barua alimtilia shaka, kwa kuwa aliinama kufunga kamba ya kiatu karibu mno na lango.

Kesho yake alitoka kununua mkate. Kurudi, vichwa vilikuwa kumi na kimoja, na kwenye majivu kulikuwa na alama ya kiatu cha mpira, kisigino kimemegeka upande mmoja. Za mwizi arobaini. Kiatu kile alikijua vizuri. Kila siku ya Mungu kilikaa kizingitini kwa Leontina.

Angekwenda kumwambia wakiwa wawili, mambo yangekwisha kwa kikombe cha kahawa. Hakwenda. Alingoja Jumapili, watu wametoka kanisani, wanawake wamesimama uwanjani wakigawana ngano tamu ya kuwaombea marehemu. Hapo ndipo alipopaza sauti.

"Leontina, kisigino chako kinataka fundi. Kimeniachia alama kwenye majivu."

"Majivu gani, dada?"

"Yaliyo chini ya zinia zangu. Mbegu za mama yangu unazo wewe. Mwizi mkubwa."

Uso wa Leontina uliiva. Hakukana. "Ninazo, vichwa vitatu," alisema. "Na wewe unajua kwamba cha kupewa hakishiki. Ungenipa, ningekushukuru, zingekufa. Hebu niambie, nani hapa hajaiba mche?"

Wanawake wawili waliangalia viatu vyao. Ada ya kule ilikuwa hiyo: mche wa kuiba ndio unaoota, na ukipewa, hutamki shukrani hata kidogo. Lakini ada ina sharti lake. Mwenye maua asikuone, na akikuona, anyamaze. Sevastia alikuwa amesema mbele ya watu, na neno "mwizi" halimezwi likishatoka.

"Mama yangu hakuiba chochote," alisema, ingawa hakuwa na hakika.

Leontina aliweka chini kibakuli chake, akaondoka bila kuonja.

Laiti Sevastia angeishia hapo. Alirudi nyumbani anahema kwa hasira, akavikata vichwa vyote kumi na kimoja siku ileile, vingi bado vibichi. Kichwa cha mbegu hukatwa kikiwa kikavu kabisa, hudhurungi, kinavunjika mkononi. Yeye alilijua hilo kuliko kijiji kizima. Lakini mtu aliyeshikwa na shaka hana masikio hata ya akili yake. Akavisukuma ndani ya chupa ya achari, akakaza kifuniko mpaka kiganja kikamuuma, akaificha nyuma ya magunia ya mahindi. Majira yote ya baridi alilala usingizi mnono, akijua amemkomesha mtu.

Akiba haiozi, wahenga walisema. Ya Sevastia ilioza. Mwezi wa Mei alipofungua chupa, harufu ilimpiga usoni. Ndani kulikuwa na ukungu wa kijivu na maji meusi. Mbegu alizipanda hivyohivyo, kina cha ukucha, akangoja siku tano, kumi, ishirini. Hayakuota ila magugu. Akakaa kwenye benchi akalia, akamwomba mama yake msamaha kwa sauti. Siku ile kuku walilala na njaa.

Agosti, upande wa pili wa uzio, zikachanua zinia fupi, nyekundu ya matofali. Leontina hakuwa amemsemesha tangu ile Jumapili. Sevastia alizichungulia kwenye ufa wa mbao, na hata hizo akazitilia shaka. Kwa nini amezipanda hapa, penye kivuli nusu ya siku, na ana uwanja mzima wenye jua? Anataka nizione roho iniume.

Septemba vichwa vilikauka. Alivumilia siku nne. Siku ya tano, saa ya chakula cha mchana, njia ikiwa tupu, akapenyeza mkono kwenye ufa. Vidole vikagusa uzi. Akainama atazame. Vichwa vitatu, vilivyo bora, vilivyo karibu na ufa, vilikuwa vimefungwa uzi mwekundu. Vingine vyote havikuwa na kitu.

Akainua macho. Leontina alikuwa ameketi kizingitini, hatua kumi tu, akimenya pilipili hoho alizochoma. Wakatazamana. Kisha Leontina akageuza kigoda chake taratibu, akampa mgongo, akaendelea kumenya.

"Nani huko?" aliuliza, akiuambia ukuta.

Neno asante lilimfika Sevastia kooni, akalimeza, maana mbegu zingekufa.

"Hakuna mtu," akasema, akavunja kichwa cha kwanza.