Baba Mkwe Katika Daraja la Kwanza

Nimepanda mabasi mengi, lakini tiketi iliyonitesa ni moja tu, ya kutoka Mbeya kwenda Iringa, miaka ile ya hamsini, nikiwa nimeolewa miezi mitano.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka bati. Alikwenda Iringa kikazi, akaanguka kutoka juu ya paa, tukaletewa barua kwamba amelazwa hospitali ya Tosamaganga, mguu umevunjika. Barua yenyewe mistari mitatu, na mwandiko si wake. Haikusema kama atatembea tena. Nilikuwa na mimba changa, chakula hakipiti, na sikutaka kusimuliwa na mtu. Nilitaka nimwone kwa macho yangu.

Shida ni kwamba baba yake naye alitaka kwenda, na basi lilikuwa moja tu kwa wiki.

Kwa wasiotujua sisi Wanyakyusa: enzi hizo mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Sisemi humtazami sana, nasema humtazami kabisa! Akitokea njiani, unajifunika kanga gubigubi na kutokomea migombani. Yeye naye akisikia sauti yako anageuza alikotoka. Miezi mitano nimekaa mji mmoja na yule mzee, na ungeniuliza pua yake ikoje ningekuambia sijui. Nilichokijua ni koti lake la kaki, tena kwa mgongoni. Kubatizwa tulibatizwa, lakini hilo hatukuliacha.

Mpango aliutoa mama mkwe, ambaye alibaki nyumbani kwa sababu ng'ombe alikaribia kuzaa. Basi lina madaraja matatu, akasema, na katikati kuna kuta. La kwanza, kando ya dereva, ni la wazungu, hilo tusahau. La pili lina viti vyenye mito. La tatu ni mabenchi ya mbao, huko nyuma pamoja na kuku.

"Mzee mgongo unamsumbua, akae la pili," akasema. "Wewe mwanangu, la tatu. Mkishuka, yeye kushoto, wewe kulia."

Ungedhani anapanga vita.

Siku ya safari niliwahi stesheni, nikakata tiketi ya daraja la tatu, ya kwenda tu, maana sikujua mgonjwa ataniweka siku ngapi. Nikakaa kwenye benchi langu, kanga kichwani, mtu wa watu. Mara kondakta akaja na tiketi nyingine mkononi.

"Dada, kuna mzee huko nje amenipa hii yake nikuletee. Ya daraja la pili. Anasema mbao si za mtu wa hali yako."

Loo! Mama mkwe na mdomo wake! Habari ya mimba nilimnong'oneza yeye peke yake.

"Mwambie baba asante," nikasema, "lakini mgongo wake mbovu. Mimi nimeshakaa."

Akaenda, akarudi. "Anasema ukikataa, hasafiri."

"Mwambie asiposafiri, na mimi sisafiri."

"Dada, mimi kondakta, si mshenga!"

Mama mmoja wa Kihehe aliyekaa pembeni yangu akauliza kama huyo ni mchumba wangu. Nikamwambia ni baba mkwe. "Sasa si umwambie mwenyewe?" akasema. Nikamwona hana adabu hata chembe.

Dereva akapiga honi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Tungeachwa wote wawili, na mtu yuko kitandani peke yake, kwa ajili ya ubishi wangu. Nikampa kondakta tiketi yangu ampelekee mzee, nikachukua ile ya mito, nikajifunika mpaka macho na kushuka ili nizunguke kwenye mlango wa daraja la pili.

Kumbe mzee naye alikuwa amechoka kubishana, ameamua akakae la pili kama alivyopangiwa. Na kwa heshima yangu amejitia koti kichwani. Tukaelekea mlango mmoja, vipofu wawili, tukagongana kichwa kwa kifua.

Nilishika ile kaki tu nikajua. Nikajitupa chini kwenye tope, uso ardhini, kama desturi inavyotaka. Mzee aliruka. Mlango aliouona wazi ulikuwa wa mbele, akajitosa ndani na kukalia kapu la mayai la padri mzungu. Padri aliyatazama mayai, akanitazama mimi topeni, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Akae," alisema. "Nafasi ipo."

Hivyo ndivyo baba mkwe alivyokuwa wa kwanza katika ukoo wetu kusafiri daraja la kwanza. Ila nyuma yake palikuwa na kidirisha cha kioo, na nyuma ya kioo nilikuwa mimi, kwa hiyo hakulitoa koti kichwani mpaka Iringa. Baadaye walipomuuliza daraja la kwanza likoje, alisema lina giza.

Tosamaganga nilitangulia kuingia. Mguu ulikuwa umefungwa plasta, umening'inizwa kwa kamba, na mwenye mguu anacheka.

"Nitatembea," aliniambia. "Nitachechemea kidogo tu."

Nililia, kisha nikatamani kumchapa. Tukasikia mtu anakohoa nje ya dirisha. Mzee alikuwa amesimama pale, ametupa mgongo.

"Muulize mwenzio," akasema, "kiti kilikuwa laini?"

"Mwambie baba ndiyo," nikasema. Mume wangu akawa anapeleka maneno huku na huku, na sote tunasikia.

Baada ya wiki nilikwenda stesheni kukata tiketi ya kurudi. Karani akaitazama ile niliyokuwa nayo. "Mama, hii ni ya kwenda na kurudi. Kiti chako kipo."

Nikamuuliza kama mzee mwenye koti la kaki anasafiri nasi.

"Yule wa mayai? Yake ilikuwa ya kwenda tu. Ameondoka asubuhi na lori la mahindi."

Ile ya kwenda tu ilikuwa yangu.

Tulilikuta lori baada ya Makambako, linapanda kilima kwa kukohoa. Juu ya magunia alikuwepo mzee mmoja, ameshika kiuno. Alipoliona basi letu alivua koti haraka, akajifunika kichwa ili mimi niweze kutazama nje. Na mimi hapo hapo nikajifunika. Tukapitana hivyo.

Baada ya hapo kile kiti sikukiweza. Nilisimama mpaka Mbeya, na kondakta, yule yule, akaniuliza safari hii ninamkatalia nani.