Soksi za Mzee Shilinde

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilipewa aproni ya plastiki, gambuti nyeupe zilizonizidi miguu na kisu chembamba, nikasimamishwa kwenye meza ya chuma pamoja na msichana mwingine aliyeanza kazi asubuhi ileile. Aliitwa Leticia, mwenyeji wa Sengerema. Mimi natoka upande wa Mara na baba yangu alikuwa mvuvi, kwa hiyo nilidhani samaki nawajua. Msimamizi wa zamu, Mama Kokugonza, alinitazama nikimshika sangara wangu wa kwanza, akasema, "Perpetua, huyo unamkata wa kula nyumbani. Hapa tunatoa minofu."

Mnofu ni nyama ya ubavu mzima, iliyotoka bila mfupa na bila kuchanika. Unaingiza kisu nyuma ya kichwa, unafuata uti wa mgongo taratibu hadi mkiani, kisha unamgeuza samaki na kuanza upande wa pili. Kichwa na mifupa inayobaki tuliiita mapanki, na walikuwepo watu getini waliokuja kuyanunua. Chumba cha kukatia kilikuwa na baridi kwa sababu ya barafu, na sakafu yake haikukauka kamwe. Haukupita muda mrefu, kisu changu kikawa kinasifiwa kuliko vyote pale mezani. Leticia alikuwa wa polepole.

Juu ya Mama Kokugonza alikuwepo Meneja wa Uzalishaji, Mzee Shilinde, Msukuma wa Magu, mtu mrefu asiyepandisha sauti. Akipita kwenye meza zetu alisema "Poleni na kazi," akaendelea mbele. Lakini akifika kwa Leticia alisimama.

"Leticia, mama anaendeleaje?"

"Leticia, barafu ya leo unaionaje?"

Mimi hakuna aliyeniuliza habari za barafu. Nilikata huku masikio yangu yakiwa upande ule wa meza. Walipocheka nilitaka kujua wanacheka nini, na waliponong'ona nilikuwa na hakika wananisema mimi. Nikifika nyumbani Igoma, nikipika nilikuwa na Leticia kichwani, nikilala nilikuwa naye.

Desemba moja zikaja habari kwamba Mama Kokugonza anastaafu na msimamizi mpya atatoka kwetu wakata minofu. Hapo ndipo nilipoamua kumpa Mzee Shilinde zawadi ya Krismasi.

Vijana mnaoajiriwa siku hizi huniuliza bosi hupewa nini. Enzi zetu kuku hakuwa zawadi ya ofisini, kuku alikuwa wa wakwe. Kitenge cha mke wake kilizua maneno. Mwaka mmoja wenzetu walichanga wakamnunulia tai mtu ambaye shingo yake hatukuwahi kuiona na tai, akashukuru, ikaishia hapo. Zawadi ya gharama inamtia bosi mashaka, anajiuliza unataka nini. Zawadi ya bei nafuu haimtishi, ila lazima ionyeshe kwamba ulimtazama yeye, siyo cheo chake.

Na mimi nilikuwa nimemtazama. Saa ya chai alikuwa na tabia ya kugeuza kreti, akaketi nje ya mlango, akavua gambuti na kusugua vidole vya miguu kwa mikono miwili. Baridi ya sakafu ile ilikuwa inamwingia. Nikanunua uzi mzito wa sweta, rangi ya kijivu, nikaanza kumfumia soksi. Sikujua kipimo chake, basi siku aliyoziacha gambuti zake mlangoni niliinama kana kwamba naokota kitu, nikazipima kwa shubiri. Kisigino nilikifumua na kukirudia mpaka kikakaa sawa. Kila nilipochoka nilimwaza Leticia, vidole vikapata nguvu.

Siku ya mwisho kabla ya sikukuu nilimpa wakati wa chai, mbele ya watu. Alizifungua, akazitazama kisigino na ncha, akazivaa palepale.

"Umezifuma mwenyewe, Perpetua?"

"Ndiyo, mzee. Za kuvaa ndani ya gambuti."

"Mke wangu amenisema miaka mingi kuhusu miguu hii, wala hatukuwahi kufikiria soksi." Akatembea kidogo kuzijaribu. "Asante sana, mama."

Nikageuka kumtazama Leticia. Hakuwa ameleta chochote. Alikuwa ameshika kikombe chake, anatabasamu. "Zimependeza," akaniambia. "Utanifundisha kufuma?" Nilimjibu tutaangalia. Hata sifa yake ilinikera.

Baada ya mwaka mpya Mzee Shilinde aliniita ofisini kabla ya kutangaza. Alikuwa amezivaa zile soksi. Nilikaa nikiwa tayari nimeshajipangia maneno ya kushukuru.

"Nafasi ya msimamizi nampa Leticia," alisema. "Nimetaka uisikie kwangu."

"Mzee, kisu chake ni kizito."

"Najua. Chako ndicho kizuri kuliko vyote. Lakini yule binti mgeni wa meza yenu alipojikata mkono, watu walimwita nani?"

Walimwita Leticia. Nami nilikuwa karibu zaidi.

"Soksi zako nazivaa kila siku, nami sijapewa zawadi iliyonifaa kama hii. Ila zamu siwezi kumpa mtu kwa sababu ya soksi."

Nilirudi mezani nikakata samaki siku nzima bila kusema na mtu. Kilichoniuma kuliko cheo ni kwamba yeye aliyekuja mikono mitupu ndiye aliyepewa.

Nilifanya kazi chini ya Leticia, kisha nikahamishiwa chumba cha kufungashia, baadaye kitengo cha ubora, kule ambako mnofu unapimwa joto na kunuswa kabla ya kupakiwa kwenye ndege. Nilipita mikononi mwa wakuu wengine wengi. Desemba ya kwanza baada ya Leticia kupewa zamu nilikuwa nimeapa kutompa Mzee Shilinde kitu, lakini nikaona kisigino cha soksi kimetoboka, nikafuma jozi nyingine. Nikaendelea hivyo mpaka alipostaafu na kurudi Magu. Na mpaka siku hiyo, chai yake aliinywa na Leticia.

Sasa mimi pia nimestaafu. Watu husema ukiacha kazi, na mambo ya kazini unayaacha getini. Mimi sikuyaacha. Nikikutana na Leticia kanisani tunasalimiana vizuri, anaulizia wajukuu, nami bado naangalia ni nani anayemsalimia kwa furaha kuliko anavyonisalimia mimi.

Krismasi iliyopita nilisikia Mzee Shilinde anaumwa na macho yamemwishia. Nikapanda basi la Magu asubuhi. Nilipoingia uani nilimkuta Leticia jikoni na mke wa mzee, amejifunga kanga kiunoni, anakoroga uji kama yuko kwake. Amenitangulia hata huku. Akaniambia, "Karibu, dada. Pita ndani, yuko macho."

Mzee alikuwa ameegemea mto. Alisikia hatua zangu, akageuza uso.

"Leticia?"

Ningeweza kumsahihisha. Lakini maishani mwangu sikuwahi kumsikia akiniita kwa sauti ile, na nilitaka nijue inakuwaje.

"Abee, mzee," nikaitika.

Akanyoosha mkono, nikaushika. Kisha akauliza, "Perpetua bado hajafika?"

Niliendelea kuushika ule mkono.

"Atakuja," akasema. "Yule hawezi kukosa. Kaa hapo, tumsubiri."

Nikavuta kigoda, nikakaa.