Mahali Mkono Ulipoinuka

Mwalimu wetu wa sanaa pale Machakos alituonyesha kitabuni picha ya mwanamke mwenye mtungi: mistari mitupu, bila kivuli. Darasa zima likasema haijamalizika. Nilikasirika, maana mama yangu huchora hivyo hivyo juu ya vibuyu kwa ncha ya kisu.

Mwalimu akaeleza kwamba wachoraji wa Ulaya walichoshwa na madoido, wakaiga michoro ya vyungu vya Wagiriki wa kale. Vyungu!

Jumamosi niliazima kitabu, nikampelekea mama kule Kola. Akafuata mstari kwa kidole, kidole kikasimama kwenye kisigino cha yule mwanamke. “Hapa mchoraji huyu aliinua mkono, mstari ukakatika.”

Jumatatu nikaweka kibuyu chake mezani. “Mwalimu, tafuta mahali mama alipoinua mkono.”

Akakizungusha, akifuata mstari bila kupaona, mpaka kengele ikalia.